Kutoka Kunduchi hadi Sabasaba: Watunga Shanga na Maonesho ya Mwanzo

Mapambo ya mwilini, yaani vile vitu vidogo vinavyovaliwa shingoni, masikioni, mikononi, kiunoni na miguuni, yana historia ndefu katika mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam kuliko historia ya jiji lenyewe, ambalo Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kulijenga katika miaka ya 1860. Hata hivyo, desturi ya kuyapanga mapambo hayo juu ya meza, mbele ya umati, ili yanunuliwe na mtu asiyemjua aliyeyatengeneza wala asiyejua yalikusudiwa kuvaliwa na nani na wakati gani, ni desturi changa iliyoota mizizi baada ya Uhuru. Ililetwa na maonesho ya biashara, magulio ya hisani na mikusanyiko ya kazi za mikono iliyofanyika mjini kuanzia miaka ya 1970, na fundi wa mapambo wa Kunduchi anayeitazama miaka hiyo leo anatazama zaidi ya mahali alipouzia vitu vyake, kwa kuwa ndipo kazi yake ilipokaguliwa kwa mara ya kwanza na macho ya mgeni. Ukaguzi huo ulimfundisha mengi, na baadhi ya mafunzo yake yalikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika ripoti yoyote ya biashara.

Kunduchi, ambayo sasa ni kata ya Manispaa ya Kinondoni, ilikuwa kijiji cha wavuvi kwa karne nyingi kabla ya kumezwa na jiji. Magofu yake yana msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, pamoja na makaburi ya nguzo, yaani makaburi ambayo upande wake mmoja umesimamishwa mnara wa mawe ya matumbawe na chokaa, na katika minara hiyo, ambayo mingi ni ya karne ya 18, wajenzi walipachika sahani na bakuli za kauri zilizotoka China. Vyombo vingi vimekwisha kung'olewa na vilivyobaki ni vishimo vya duara ukutani, lakini vishimo hivyo vinatosha kumwonesha mtazamaji kwamba watu wa hapa walijua mapema jinsi ya kukitwaa kitu cha mbali, kukitoa katika matumizi yake ya mezani na kukifanya pambo lao. Anayedhani kwamba mchanganyiko wa cha ugeni na cha nyumbani katika mapambo ya Dar es Salaam ulizuliwa kwa ajili ya watalii angefanya vyema kuanzia ziara yake makaburini.

Ushanga nao ulifika kwa njia hiyohiyo ya bahari, ingawa si wote uliotoka nje. Wanaakiolojia waliochimba Kilwa Kisiwani, na wale waliochimba mji wa kale wa Shanga katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, walikuta vigae vya vyungu vyenye mifereji membamba iliyolika kwa kusuguliwa, na wakavitambua kuwa vifaa vya kulainishia shanga zilizokatwa kutoka katika makombe ya baharini. Kwa hiyo utengenezaji wa ushanga ulikuwa kazi ya mwambao huu kabla ya ushanga wa kioo kutoka India, na baadaye Venice, kuutawala. Kufikia karne ya 19 ushanga wa kioo ulikuwa kama fedha katika njia za misafara ya bara, na Richard Burton, aliyeondoka pwani kuelekea Ziwa Tanganyika mwaka 1857, aliorodhesha katika kitabu chake cha mwaka 1860 aina nyingi za shanga zilizokuwa sokoni, zikiwamo zile nyekundu zilizoitwa samesame, huku akieleza jinsi kila nchi ilivyokuwa na rangi yake na jinsi mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alivyoweza kukwama na mzigo mzima. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba mnunuzi mwenye kuchagua na kukataa ni kiumbe wa soko la kisasa, ilhali wanawake wa Unyamwezi na Ugogo walikuwa wakikataa ushanga uliopitwa na wakati miaka mia moja na zaidi kabla ya banda la kwanza la maonesho kujengwa.

Katika Uzaramo, eneo ambalo Kunduchi imo ndani yake, ushanga ulikuwa na kazi mbili ambazo hazikuwa na uhusiano na meza ya biashara. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kiunoni, ambako mwanamke alivaa utunda, yaani uzi mmoja au nyuzi kadhaa za shanga ndogo zinazofichwa chini ya nguo, na pengine kondavi, ambao ni mkanda mpana uliofumwa kwa ushanga. Mapambo hayo yalitungwa na shangazi, bibi au somo, yalitolewa katika mafunzo ya unyago, na yalikusudiwa kuonwa na mtu mmoja tu. Kazi ya pili ilikuwa ya mwana hiti, sanamu dogo la mti lenye kiwiliwili cha duara na kichwa kilichosukwa, ambalo mwali wa Kizaramo alikabidhiwa alipokuwa ndani na ambalo lilipambwa kwa shanga kama apambwavyo binti mwenyewe. Katika hali zote mbili mtungaji alimjua mvaaji, alijua ukubwa wa kiuno chake na sababu ya kuvaa kwake, na malipo, yalipokuwapo, yalikuwa kanga, chakula au shukrani. Wasonara, yaani mafundi wa dhahabu na fedha, ambao wengi wao mjini walikuwa wenye asili ya India, walikuwa na duka na mizani; mtungaji wa ushanga alikuwa na mkeka na ungo.

Uwanja uliombadilisha mtungaji huyo uko upande wa pili wa jiji, katika Barabara ya Kilwa wilayani Temeke. Sabasaba, tarehe 7 Julai, ni siku ya kukumbuka kuzaliwa kwa chama cha TANU mwaka 1954, na kwa muda mrefu iliadhimishwa kama Sikukuu ya Wakulima kabla heshima hiyo haijahamishiwa Nane Nane. Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo watu wengi huyaita kwa jina la siku hiyo tu, huhesabiwa kuanzia mwaka 1977, ndiyo maana yale ya mwaka 2024 yalikuwa ya 48, na mwaka uliofuata ule wa kwanza, yaani 1978, ilitungwa sheria ya kuunda Bodi ya Biashara ya Nje, chombo ambacho kazi zake zilirithiwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania, TanTrade, chini ya sheria ya mwaka 2009. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilikuwa limekwisha kuanzishwa mwaka 1973. Kwa maneno mengine, katika kipindi cha miaka mitano au sita nchi ilijipatia chombo cha kumlea mzalishaji mdogo, chombo cha kumtafutia soko la nje na uwanja wa kumkutanisha na umma, ingawa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoundwa kwa kumfikiria mtunga shanga. Vilimfikiria mwenye kiwanda cha sabuni, mwenye mashine ya kukamua mafuta, na mkulima wa korosho.

Mlango wa sanaa ulifunguliwa na taasisi nyingine. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, iliwapa vijana na watu wenye ulemavu mahali pa kujifunza uchapaji wa picha, batiki, uchongaji na ufumaji, na jengo lake la Barabara ya Upanga, lililofunguliwa mwaka 1983 na ambalo sasa halipo tena, likawa kituo ambacho mgeni wa mjini alielekezwa akitaka kununua kitu kilichotengenezwa kwa mkono. George Lilanga, ambaye michoro yake ilioneshwa Washington mwaka 1978, alilelewa humo. Mapambo yalikaa pembezoni mwa sifa hizo, kama yalivyokaa karibu kila mahali, kwa kuwa wakosoaji wa sanaa waliandika juu ya kinyago na picha, na herini ikaachiwa mwenye duka. Nairobi mambo yalikwenda tofauti kidogo: African Heritage, nyumba ya sanaa iliyoasisiwa katika miaka hiyohiyo na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, pamoja na Alan Donovan, iliyaweka mapambo katikati ya jukwaa, yakavalishwa wanamitindo na kupelekwa ng'ambo, na mwaka 1975 Susan Wood akaanzisha Kazuri huko Karen kwa kuwaajiri akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, ili wafinyange shanga za udongo, wazichome tanuruni na kuzipaka rangi za kung'aa. Dar es Salaam haikupata taasisi ya namna hiyo wakati huo. Ilichopata ni meza.

Na meza hiyo, kwa bahati, ilimfaa mtu wa Kunduchi kuliko inavyodhaniwa. Upepo wa kusi, ambao huvuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti, huichafua bahari na kupunguza safari za vyombo vidogo vya uvuvi, na samaki wanapopungua mwaloni, mwanamke anayeishi kwa kukaanga na kuuza samaki hukosa mtaji kwa wiki nzima. Njia nyingine iliyokuwa karibu ilikuwa kuponda mawe kuwa kokoto katika machimbo ya Mtongani, kazi ambayo haihitaji kuelezwa ugumu wake. Sabasaba huangukia katikati ya msimu huohuo. Zaidi ya hapo, mapambo ni bidhaa yenye ujazo mdogo kwa thamani yake, sifa ambayo wachumi huitaja wanapozungumzia dhahabu na viungo lakini husahau kuitaja wanapozungumzia wanawake wenye vikapu. Mchongaji wa Mwenge alihitaji gari ili kufikisha vinyago vya mpingo uwanjani. Mtunga shanga aliweka kazi ya miezi mitatu ndani ya kikapu kimoja cha ukindu na kupanda nacho basi.

Usafiri wenyewe haukuwa jambo dogo. Usafiri Dar es Salaam, UDA, shirika la umma lililochukua huduma ya mabasi ya mjini katikati ya miaka ya 1970, lilizidiwa na abiria kiasi kwamba magari ya watu binafsi, yakiwamo yale yaliyoitwa chai maharage kutokana na abiria kukaa wakitazamana, yalifanya kazi kwa kujificha hadi serikali ilipoyaruhusu mwaka 1983. Nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, ndiyo iliyozaa jina la daladala. Kutoka Kunduchi hadi Temeke ni kuvuka jiji zima, kutoka kaskazini hadi kusini, na mtu aliyetaka kufika kabla ya milango kufunguliwa aliondoka gizani, akabadilisha gari zaidi ya mara moja, na akarudi gizani. Gharama ya safari hiyo haikuingizwa katika bei ya kidani, jambo ambalo litarejewa hapa chini.

Ugumu mwingine ulikuwa wa malighafi. Ushanga mzuri wa kioo, ule wenye matundu yaliyo sawa na rangi isiyochujuka, ulitoka nje, hasa katika viwanda vya iliyokuwa Czechoslovakia ambavyo hadi leo huwahudumia watungaji wa Kimasai, na uagizaji wa bidhaa kutoka nje katika kipindi kati ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kulegezwa kwa masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980 ulibanwa na uhaba wa fedha za kigeni. Nchi iliyokuwa ikipanga foleni kwa ajili ya sabuni na unga haikuweza kutarajiwa kutoa dola kwa ajili ya shanga. Kwa hiyo mapambo mengi ya miaka hiyo yalitengenezwa kwa vitu vilivyookotwa au kubakia: mbegu ngumu za porini, vipande vya mpingo vilivyotupwa na wachongaji, mifupa na pembe za ng'ombe kutoka machinjioni, waya wa shaba, makombe ya pwani na vifuu vya nazi.

Kifuu kinastahili maelezo, kwa sababu ndani yake mna ufundi ambao mnunuzi wa haraka hauoni. Kifuu cha nazi changa hupasuka na kunyonya maji, kwa hiyo fundi huchagua cha nazi iliyokomaa na kukauka, akakikwangua nyuzi za nje kwa kisu, akachora umbo kwa kalamu na kulikata kwa msumeno mwembamba akifuata mbetuko wa kifuu chenyewe, kwa kuwa anayelazimisha umbo bapa hukivunja. Kisha hukisugua kwa msasa mkavu na baadaye kwa msasa laini, na mwisho hukipaka mafuta kidogo na kukifuta kwa kitambaa hadi weusi wake utoe mng'ao. Tundu hutobolewa kabla ya kusugua kwa mara ya mwisho, kwa sababu kipande kilichokwisha kung'arishwa kikipasuka wakati wa kutobolewa ni kazi ya saa nzima iliyopotea. Kombe la baharini hufuata utaratibu unaokaribiana na huo, isipokuwa husuguliwa likiwa limelowa maji, kwani vumbi lake likivutwa puani hudhuru mapafu. Kuhusu uzi, Kunduchi ilikuwa na jibu lake: mshipi, yaani uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ambao haukatiki kwa jasho wala kuoza kwa maji ya chumvi, na ambao kila nyumba ya mvuvi ilikuwa nao. Mshipi, hata hivyo, huteleza, na fundo la kawaida hufunguka lenyewe baada ya siku chache, hivyo watungaji walijifunza fundo la mvuvi na kulificha ndani ya tundu la ushanga mkubwa.

Juu ya meza ndipo makosa yalipojitokeza. Kidani kilichoonekana chepesi mkononi mwa fundi kilikuwa kizito shingoni mwa mwanamke aliyekijaribu kwa dakika tano. Herini mbili zilizodhaniwa kuwa sawa zilining'inia kwa urefu tofauti mara zilipowekwa masikioni. Bangili iliyokatwa kwa kipimo cha mkono wa fundi haikupita katika kiganja cha mnunuzi. Fundi aliyekuwa akimtungia mpwa wake kamwe asingekumbana na makosa ya namna hii, kwa sababu alimpima kwa macho kila siku, lakini fundi anayemtungia mtu asiyemjua analazimika kuubuni mwili wa wastani, na ubunifu huo hauji kwa kufikiri peke yake. Huja kwa kuona vitu vikivaliwa na kuvuliwa. Ndiyo maana kioo, chombo kidogo ambacho wengi hawakukumbuka kukibeba, kilikuwa na thamani kubwa kuliko kitambaa kizuri cha kutandika mezani: mnunuzi anayejiona huamua, na fundi anayemtazama mnunuzi akijiona hujifunza.

Kulabu, yaani ile ndoano ndogo inayopita katika tundu la sikio, ilikuwa somo lingine, na pengine ndilo lililochukua muda mrefu zaidi kueleweka. Waya wa bei nafuu mara nyingi huwa na nikeli, metali ambayo huwasababishia baadhi ya watu mwasho na vipele, na tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1994 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kudhibiti kiwango cha nikeli katika vitu vinavyogusana na ngozi kwa muda mrefu. Fundi aliyeuza katika magulio ya hisani, yale yaliyoandaliwa katika shule za kimataifa au na wenza wa mabalozi wakati wa kukaribia Krismasi, aliulizwa swali la metali kabla hajaulizwa bei, wakati fundi wa Sabasaba aliulizwa bei kabla ya salamu kumalizika. Masoko hayo mawili, yaliyokuwa katika jiji moja na wakati mwingine yakihudumiwa na mikono ileile, yalidai vitu viwili tofauti, na si ajabu kwamba baadhi ya mafundi waliamua kutengeneza namna mbili za kazi, moja yenye kulabu za fedha na nyingine yenye waya wa kawaida, badala ya kutafuta namna moja ya kuwaridhisha wote.

Bei ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote. Mtungaji wa nyumbani hakuwahi kuhesabu muda wake, kwa kuwa ushanga ulitungwa jioni, baada ya chakula, pamoja na mazungumzo, na muda huo haukuwa na mshindani. Alipofika mezani akahesabu kile alichokinunua tu, yaani ushanga, waya na kulabu, akaongeza kidogo, na akaona amepata faida. Nauli, kodi ya banda, chakula cha mchana na siku kumi za kukaa mbali na shughuli nyingine vilibaki nje ya hesabu. Wapo watakaosema kwamba hilo lilikuwa kosa la elimu ndogo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mazingira ya biashara ya kupatana bei humlazimu muuzaji aanze juu ili ashuke, na mtu ambaye hana hakika na thamani ya kazi yake hushuka haraka kuliko mnunuzi anavyotarajia; kibandiko cha bei, ambacho katika magulio ya hisani kilimlinda muuzaji dhidi ya mwenyewe, Sabasaba kilichukuliwa kama mwanzo wa mazungumzo. Mafunzo ya SIDO kuhusu upangaji wa bei yalisaidia, lakini yalitolewa kwa mfano wa mikate na sabuni, bidhaa ambazo kila moja hufanana na nyingine, wakati kidani cha pili hakifanani na cha kwanza hata kikikusudiwa kufanana nacho.

Swali zito zaidi lilihusu nini kioneshwe. Maonesho, kwa asili yake, hudai kila kitu kitokee hadharani, na waandaaji waliotaka banda lenye sura ya utamaduni walitarajia kuona ushanga wa kiunoni umening'inizwa mbele pamoja na maelezo ya matumizi yake. Kwa mwanamke aliyefunzwa kwamba utunda hauonwi, hilo lilikuwa sawa na kuanika nguo za ndani barabarani, na ni sahihi kusema kwamba kusita kwake hakukuwa aibu ya mshamba bali utii kwa kanuni iliyolipa pambo hilo maana yake. Suluhisho lililojitokeza polepole ni la werevu: uzi uleule wa shanga ndogo ulifupishwa ukawa wa mguuni, au ukazungushwa mara tatu ukawa wa mkononi, ukauzwa kwa jina jipya, na wa kiunoni ukabaki chini ya meza kwa ajili ya wateja waliojua kuuliza kwa sauti ya chini. Leo ushanga wa kiunoni huuzwa waziwazi Kariakoo na katika simu za mkononi, tena kwa wateja wa rika na nchi mbalimbali, na watu wazima wanaolalamikia jambo hilo hawana nguvu ya kulizuia. Mwana hiti hakupata suluhisho la namna hiyo. Alipofika katika maduka ya vinyago alifika bila shanga zake, akiwa mti mtupu, na mnunuzi aliyempeleka Ulaya hakujua kwamba amenunua nusu ya kitu.

Bahari nayo iliweka mipaka yake. Hoteli za kitalii zilizojengwa katika ufuo wa Kunduchi na Bahari Beach katika miaka ya 1970 zilileta wanunuzi wa makombe hadi mlangoni, na wapiga mbizi wa kijiji waliyaleta makubwa na mazuri kwanza, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyolipa, bila kujali kwamba konokono mkubwa wa baharini ndiye anayezaa. Visiwa vya Mbudya, Pangavini na Bongoyo pamoja na Fungu Yasini, vinavyoonekana kutoka ufuoni, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975, lakini usimamizi wenye nguvu ulisubiri Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na katika miaka iliyopita katikati baruti za wavuvi haramu zilikuwa zimekwisha kuyavunja matumbawe mengi. Magamba ya ng'amba, yule kasa ambaye mabangili yake ya rangi ya asali yaliwahi kupendwa sana, na pembe za ndovu, ambazo biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku na uamuzi wa mwaka 1989, yaliondoka mezani kwa nguvu ya sheria. Fundi anayekumbuka maonesho ya mwanzo anakumbuka pia vitu ambavyo leo vingemfikisha mahakamani.

Mfano wa njia nyingine ulitokea Zanzibar, ambako wanawake wa Fumba na Bweleo, wakisaidiwa na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 2000, walianza kufuga chaza na kupandikiza ndani yake kipande cha umbo la nusu duara, ambacho mnyama huyo hukifunika polepole kwa tabaka la lulu, huku makombe ya chaza walioliwa yakikatwa na kung'arishwa kuwa herini na vidani. Katika utaratibu huo fundi hategemei tena kile ambacho bahari imekitupa au mpiga mbizi amekiiba, na ana sababu ya kuilinda ghuba anayofugia. Kunduchi, yenye kituo cha utafiti wa bahari cha chuo kikuu hichohicho katika ufuo wake, haijawahi kuwa na sifa ya kazi ya namna hiyo, na ni vigumu kuona sababu nzuri ya kutojaribu.

Maonesho yaliongezeka. Yale ya Jua Kali na Nguvu Kazi ya Afrika Mashariki, ambayo huhama kutoka nchi moja hadi nyingine, yalianza mwaka 1999, mwaka uleule ambao Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha, na yakawafanya watungaji wa Tanzania wasimame bega kwa bega na Wakenya waliokuwa wamewatangulia kwa ufungashaji na kwa kusema na mteja. Maonesho ya vito ya Arusha, yaliyoanza mwaka 2012, yalikuwa ya ulimwengu mwingine, wa wachimbaji, wakataji na wanunuzi wa tanzanaiti kutoka Mirerani, ambao mtunga shanga wa pwani aliusoma magazetini tu, ingawa wageni wa Sabasaba hawakuchoka kumuuliza kama ile bluu ya kwenye herini zake ndiyo yenyewe.

Pamoja na wanunuzi walikuja wanaoiga. Meza iliyo wazi kwa mteja iko wazi pia kwa fundi mwenzake, na mtindo uliouzika Jumatatu ungeweza kuonekana kwenye meza ya jirani kabla ya wiki kwisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyounda chama cha hakimiliki cha COSOTA, inazitambua kazi za sanaa za mikono, lakini ulinzi wake humfaa mtu mwenye ushahidi wa tarehe na mchoro, na mafundi wa kizazi cha kwanza hawakuwa na picha za kazi zao kwa sababu kamera ilikuwa ya mteja. Kilichouzwa kiliondoka, na hakukuwa na nakala. Ndiyo sababu mjadala wa nani aliyeanzisha kidani cha kifuu na shaba, au kandambili za ngozi zilizodariziwa ushanga, hauna mwisho miongoni mwa wazee wa kazi hiyo, na kila mmoja wao yumkini ana haki kidogo.

Katika mabanda ya leo ugumu ni wa namna nyingine, kwa kuwa mapambo yaliyokamilika kutoka viwanda vya China huuzwa kwa jumla Kariakoo, huondolewa kwenye mifuko yake, huchanganywa na yaliyotungwa nyumbani na kuwekwa juu ya kanga moja, na muuzaji aliyesimama nyuma ya meza mara nyingi si yule aliyetengeneza. Mnunuzi anayetaka kutofautisha anaweza kutazama upande wa ndani wa kipande cha kombe, ambako tundu la keekee ya mkono huwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, au kukipima kifuu kwa vidole aone kama mbetuko wake umefuatwa. Anaweza pia kuuliza fundo liko wapi. Aliyetunga hukigeuzia kidani upande wake na kulionesha bila kulitafuta.